Barua Pepe Niliyomficha Lowoi

"Sasa hapa kwa fomu ya viza wanataka barua," nilimwambia Lowoi, macho yangu yakiwa kwenye kompyuta. "Ueleze ni nini itakurudisha Kenya."

Lowoi alikuwa ameinama karibu na meza yangu, akifunga kamba kwenye mguu wa kiti. Alikuwa anajifunza fundo la kufungia ndoano, lile alilotumiwa kwa video, na tangu asubuhi alikuwa ameshafunga kiti, meza na mkoba wangu.

"Andika mbuzi," akasema.

"Mbuzi?"

"Si niko na mbuzi kwa mama kule Gotu? Andika mbuzi. Mzungu akisikia mtu ako na mifugo anajua huyo lazima arudi."

Wateja wawili waliokuwa wakingoja kuchapishiwa karatasi walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini si kwa moyo. Miaka minne nimekaa na huyu mwanamume. Nimemuuguza malaria mara mbili. Kila mwisho wa mwezi nimemngoja ashuke kutoka lodge na vumbi mpaka kwenye kope. Leo anaulizwa kitu cha kumrudisha nyumbani, anataja mbuzi.

"Barua tutaandika siku ingine," nilisema, nikafunga ukurasa.

Hakuona kitu. Alikuwa anahangaika kufungua mkoba wangu.

Naitwa Nakolong. Niko na saiberi hapa Isiolo mjini, kompyuta tano na mashine moja ya kuchapisha ambayo ina hasira kuliko mimi. Lowoi ni dereva na mwongozaji wa watalii kwenye lodge moja kando ya mto Ewaso Nyiro. Mwaka uliopita alimtembeza mzee mmoja wa Norway anaitwa Torleif, mtu wa miaka sabini, aliyefiwa na mke, mkimya. Siku ya kwanza waliangalia ndovu. Siku ya pili Torleif alimuuliza amezaliwa wapi, Lowoi akasema Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, na kwamba babake alikuwa mvuvi wa mbuta. Basi ndovu wakasahaulika. Siku tatu nzima wanaume wawili walikaa kwenye gari chini ya mti wakichora ndoano na nyavu kwenye karatasi za chakula.

Kabla hajaondoka, Torleif alimwambia: "Mwezi wa tatu samaki wakubwa wanakuja kwetu kaskazini kutaga mayai. Njoo uvue na mimi. Tiketi ni juu yangu. Boti ninayo, mtu wa kukaa naye kwenye boti ndiye sina."

Siku Lowoi aliponieleza habari hiyo, nilimuuliza huyo samaki anaitwa nani.

"Kodi."

"Kodi? Kodi kama ya nyumba?"

"Hiyo hiyo. Lakini huyu kodi ni watu wanamfuata, si yeye anafuata watu. Anafika kilo thelathini, Nako. Na maji yenyewe ni baridi, ukianguka ndani dakika chache umeisha."

Alisema hilo la mwisho polepole, halafu akabadilisha mazungumzo.

Kuanzia hapo maisha yetu yakawa ni safari. Pasipoti ilipatikana. Meneja alikubali kumpa likizo ya wiki tatu. Torleif alituma barua ya mwaliko na picha ya nyumba yake nyekundu kando ya maji, theluji hadi dirishani. Mimi ndiye nilikuwa naendesha kila kitu, kwa sababu Lowoi na kompyuta hawapatani. Barua pepe yake ilikuwa wazi kwenye mashine yangu wakati wote. Shida ilibaki moja: miadi ya viza Nairobi. Siku zote zilikuwa zimejaa mpaka Aprili, na samaki hawangoji Aprili. Tuliandikisha jina, tukaambiwa mtu akiachia nafasi tutajulishwa.

Jumatatu moja saa nne asubuhi, ikaingia.

*Nafasi imepatikana Jumatatu ijayo. Tafadhali thibitisha ndani ya saa arobaini na nane, la sivyo nafasi itapewa mwombaji mwingine.*

Nilisoma mara tatu. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Kubonyeza tu. Badala yake nikachukua simu nikampigia dada yangu Nakal.

Nakal ameolewa. Ama niseme alikuwa ameolewa, hajui mwenyewe. Mumewe alienda kazi ng'ambo kwa mkataba wa miaka miwili. Mwaka wa tatu alipunguza kupiga simu, wa nne akabadilisha namba.

"Imekuja," nilimwambia.

"Umethibitisha?"

"Bado."

"Basi wacha ikae."

"Nakal!"

"Kwani wewe ndiyo umeikataa? Itaisha yenyewe. Nakolong, sikiza. Mimi nilimpakia mtu nguo kwa mkono yangu. Nilimpigia pasi mashati. Unataka kunifuata hapa nimekaa?"

"Lowoi si kama huyo."

"Amekuoa?"

Nikavuta droo ya meza, nikaifunga.

"Wazee wake wamefika kwa baba? Hata siku moja? Hata kusalimia?"

Nilikata simu. Nikaichukua ile barua pepe, nikaihamisha mahali ambapo Lowoi, hata angekaa siku nzima kwenye kompyuta, hangeiona.

Jioni Lowoi, aliyekuwa mjini kwa siku zake za mapumziko, alikuja na maembe kwenye karatasi.

"Wamejibu?"

"Bado."

"Sawa. Watajibu tu." Alinikatia embe, akanipa kipande kitamu cha karibu na kokwa, ambacho hukipenda yeye. Nilikimeza kama dawa.

Jumanne akauliza tena. Nikasema bado. Jumatano saa nne ikafika, ikapita. Nilidhani nitasikia nimepumua. Sikupumua.

Jumatano hiyo hiyo alasiri, Lowoi alinivuta mkono mpaka kwa Shuriye. Shuriye anauza nyama ya ngamia kwa mahoteli, na nyuma ya duka lake ana chumba cha baridi kikubwa cha kuingia watu wima. Lowoi alikuwa ameomba ruhusa ya kujaribu nguo zake za Norway humo. Alikuwa amenunua mitumbani jaketi mbili nzito, suruali za manyoya ndani, na kofia za kufunika masikio.

"Walaal, ndugu zangu, mmerukwa na akili," Shuriye alisema, akicheka mpaka ndevu zikatikisika. "Nje kuna jua ya kupasua mawe, nyinyi mnatafuta baridi. Dakika kumi! Mkiganda siwezi kuwauza, hamna nyama ya kutosha."

"Na mimi naingia kufanya nini?" nilimuuliza Lowoi.

"Uniambie kama midomo yangu imebadilika rangi."

Alinivalisha jaketi moja, akanifunga zipu mpaka kidevuni, akanivutia kofia masikioni. Alikuwa na furaha ya mtoto. Tukaingia, mlango ukafungwa, tukasimama katikati ya mapaja ya ngamia yaliyoning'inia, pumzi zetu zikitoka kama moshi.

Dakika ya kwanza tulicheka. Ya pili tukaacha kucheka. Ya tatu akanishika mikono yote miwili, akaiweka ndani ya jaketi lake.

"Nako."

"Mm."

"Naogopa."

"Baridi?"

"Maji." Alitazama chini. "Baba yangu nilikuambia alikufa zamani. Sikukuambia vile alikufa. Alizama. Tulikuwa wawili kwenye boti, mimi na yeye. Nilikuwa miaka kumi na tano. Upepo wa ziwa ulikuja ghafla, boti ikageuka, mimi nikashika ubao. Nilimsikia akiniita. Niliogopa kuachilia ule ubao, Nako. Sikuachilia."

Nilimkaza vidole ndani ya jaketi.

"Baada ya hapo mama alitutoa huko, tukakuja Gotu. Tangu siku hiyo sijakanyaga boti. Miaka kumi na tisa. Hata mto wa hapa sivuki kama maji imefika magoti. Watu wanafikiri naenda kutembea Ulaya. Mimi naenda kujua kama naweza kukaa kwenye boti na mzee mwingine, na turudi wawili." Meno yake yalikuwa yanagongana. "Sijawahi kuambia mtu. Hata mama hatuongeagi hiyo maneno. Nimekuambia wewe."

Machozi yalinitoka yakawa baridi kabla hayajafika mashavuni.

"Lowoi, walijibu."

"Nani?"

"Watu wa viza. Jumatatu. Walikupa nafasi, wakataka tuthibitishe kwa siku mbili. Niliona. Nikaificha."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake.

"Mpaka lini?"

"Ilikuwa mwisho leo, saa nne asubuhi."

"Leo."

"Ndiyo."

"Na jana nilikuuliza."

"Ndiyo."

Akatoa mikono yangu kwenye jaketi lake, polepole, bila kuisukuma. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

"Ungeniambia usiende," alisema. "Maneno mbili tu. Ningekusikiza."

"Ungebaki?"

"Sijui. Lakini ningejua unafikiria nini. Sasa sijui nilikuwa naongea na nani siku hizi zote."

Aligonga mlango. Shuriye akafungua akiwa na mzaha mdomoni, akaona nyuso zetu, akaumeza. Lowoi alipita na jaketi lake mwilini katikati ya joto la Isiolo, akaenda bila kugeuka.

"Amekasirika kwa nini?" Shuriye aliniuliza.

"Kwa haki," nilijibu.

Usiku huo na kesho yake hakupokea simu. Niliandika ujumbe nikafuta, nikaandika nikafuta. Nilielewa kwamba samahani yangu peke yake haimfikishi mahali. Nikaketi kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa wa miadi, nikaanza kuusasisha. Kila dakika mbili. Wateja waliingia, niliwahudumia kwa mkono mmoja. Alhamisi ikaisha. Ijumaa mchana nilikula biskuti juu ya kibodi. Mwenda, kijana Mmeru mwenye duka la simu mlango wa pili, alichungulia.

"Nakolong, unacheza kamari ama?"

"Natafuta siku."

"Siku gani?"

"Yoyote yenye iko Februari."

Alivuta kiti, akafungua ukurasa uleule kwenye simu yake, akakaa nami bila kuuliza mengine. Watu wa Isiolo wana siku zao nzuri.

Jumamosi saa tano na robo, mstari mmoja uligeuka kijani. Mtu fulani mahali fulani alikuwa ameahirisha safari yake. Nilibonyeza kabla sijapumua. Nikathibitisha hapo hapo, nikachapisha mara mbili. Kisha nikamwandikia:

*Nafasi imepatikana. Alhamisi, saa tatu asubuhi, Nairobi. Nimethibitisha. Karatasi zote nimeziweka kwa bahasha, nimeacha kwa Shuriye. Bado barua moja tu, ile ya sababu za kurudi. Hiyo siwezi kukuandikia. Neno la siri la barua pepe yako nimelibadilisha, liko kwa karatasi ndani, mimi silikumbuki tena. Pole, Lowoi. Sikutaka ukae kwa nguvu. Niliogopa tu, na nikafanya kitu cha mtu mwoga.*

Tiki mbili. Zikawa bluu. Hakuna jibu.

Jumapili nilienda kanisani, sikusikia hata mstari mmoja. Jumatatu asubuhi nilipofika kufungua, nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya saiberi, bahasha magotini.

"Habari ya asubuhi," akasema, kama mgeni.

"Nzuri. Karibu."

Aliingia akakaa kwenye kiti chake kilekile. Hakugusa kamba yoyote.

"Mwenda ameniambia ulikaa hapa siku mbili hujaenda hata choo."

"Mwenda anazidisha chumvi."

"Kwa nini uliitafuta? Si ulitaka nisiende?"

"Bado sitaki uende," nilimwambia. Nilikuwa nimechoka kuficha. "Natetemeka nikifikiria hiyo ndege. Lakini safari ni yako, niliichukua, nikairudisha. Ni hivyo tu."

Aliigeuza bahasha magotini.

"Nako, nimekasirika na wewe bado."

"Najua."

"Lakini nimekaa huko nikifikiria. Wewe ulinificha siku mbili. Mimi nimekuficha baba yangu miaka minne. Na nikakuacha hapo kama mtu wa kupita, sijapeleka wazee kwenu, kwa sababu nilijiambia mtu aliyeacha baba yake majini hawezi kuchukua jukumu ya mtu mwingine. Sikukuambia hiyo. Nilikuambia mbuzi."

"Ulikuwa mtoto, Lowoi."

"Unaweza sema hivyo. Mimi najua vile nilishika ule ubao."

"Na mimi nashukuru ulishika. Sitaomba msamaha kwa hiyo. Kama ungeachilia, ningekaa na nani?"

Aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasogeza kiti karibu na changu, akafungua kompyuta kwa kidole kimoja, kama anayegusa sufuria ya moto.

"Andika," alisema. "Ile barua. Mimi naongea, wewe unaweka Kizungu."

"Sema."

"Kuna mwanamke anaitwa Nakolong hapa Isiolo. Nataka kumuoa mwaka huu. Sijamwambia rasmi, ndio nasema sasa."

Vidole vyangu vilisimama.

"Endelea kuandika," akasema.

"Siwezi andika hiyo kwa ubalozi!"

"Si wanataka sababu?"

"Watataka uthibitisho."

"Waambie wapige simu. Nakolong, usilie juu ya kibodi, hiyo mashine italala."

Nililia juu ya kibodi. Aliniwekea mkono mgongoni, mkono mzito na wenye joto, tukaandika barua hiyo mstari kwa mstari mpaka ikaisha. Akaegemeza paji la uso wake kichwani pangu, akasema kwa sauti ndogo: "Usinifiche kitu tena. Hata kama ni kibaya."

"Na wewe."

"Na mimi."

Viza ilitoka baada ya siku kumi na moja. Nilimpakia nguo mwenyewe. Nakal alipopiga simu kuniuliza kama nimepagawa, nilimwambia ndiyo, na kwamba nimempigia pasi hata soksi. Akasema, "Basi mwambie asisahau kofia," na nikasikia sauti yake ikivunjika kidogo.

Lowoi aliondoka Jumanne. Siku ya tatu, saa nne asubuhi saa za kwetu, simu ya video ikaita. Uso wake ulijaa kioo, nyusi zikiwa na barafu. Nyuma yake kila kitu kilikuwa cheupe, isipokuwa maji.

"Nako, niko kwa gati. Torleif ameingia kwa boti. Miguu yangu imekataa."

"Imekataa vipi?"

"Imekataa tu. Nimesimama hapa nusu saa. Mzee hasemi kitu, anangoja tu, ametengeneza kahawa." Sauti ilikuwa ya yule kijana wa miaka kumi na tano. "Naona nitamwambia twende nyumbani."

Saiberi ilikuwa imejaa. Nilitoka nje, nikasimama juani. Kumbuka ni mimi yuleyule niliyetaka asiende. Ningesema "rudi" tu, angerudi.

"Sikiza," nilimwambia. "Ukirudi bila kuingia, nitakupokea vizuri, na hakuna siku nitakuuliza. Sawa?"

"Sawa."

"Sasa nionyeshe hiyo boti."

Aligeuza simu. Boti ndogo ya bluu, na mzee mwenye ndevu nyeupe akanipungia kikombe.

"Amevaa jaketi la kuelea?"

"Amevaa."

"Na wewe?"

"Na mimi. Iko na kamba, imefungwa kwa boti."

"Upepo?"

"Hakuna. Maji imelala kabisa."

"Lowoi, huyo mzee miaka yote anavua peke yake tangu mkewe afe. Akianguka leo, nani atamvuta?"

Niliona theluji tu, kisha gati, kisha ubao wa boti ukija karibu. Nikasikia akipumua kwa mdomo. Picha ikatikisika vibaya sana, nikaona anga, nikaona kiganja cha Torleif kikubwa kama sahani kikimshika kiwiko.

"Nimeingia," akasema. "Nako, nimeingia. Nimekaa." Kisha akaanza kucheka, na kulia, na injini ikanguruma, mtandao ukakatika.

Saa nne nzima sikujua kitu. Niliharibu karatasi za wateja watatu. Mwenda aliniletea chai ikapoa. Hatimaye ikaingia picha: Lowoi amepiga magoti ndani ya boti, amekumbatia samaki wa rangi ya kijani iliyochanganyika na shaba, tumbo jeupe, kidevu na unywele mmoja kama mzee. Torleif amemshika bega. Chini ya picha aliandika:

*Kilo ishirini na nane. Karibu anitoe mabega. Baba angecheka, angesema kwao Kalokol hiki ni chambo. Nimemwita Baba kwa jina lake kwa sauti, katikati ya maji. Torleif hakuniuliza, alivua tu kofia. Tumerudi wawili.*

Wiki tatu ziliisha. Alirudi Isiolo Ijumaa adhuhuri, midomo imepasuka, mashavu yamebabuka, akaja moja kwa moja saiberi na begi begani. Nilisimama nyuma ya meza nikiwa na wino wa mashine mpaka viwikoni.

"Funga," akasema.

"Niko na wateja."

"Mama amefika kwa baba yako Ngare Mara tangu saa tatu, na wajomba wangu wawili. Wamekunywa chai yote. Tunangojewa."

"Leo? Hivi nilivyo?"

"Nimetoka mbali sana kuja kukungojea ubadilishe nguo?"

Wateja walipiga makofi. Mmoja alisema karatasi zake atachukua Jumatatu. Nilinawa mikono, wino haukutoka wote, tukaenda hivyo hivyo.

Tulifunga ndoa Agosti, kanisa la Ngare Mara. Torleif alikuja. Vijana walipoanza edonga, ngoma yetu ya kuruka, alivua koti akaingia katikati, miaka sabini na mmoja, akaruka kimo cha kiatu. Akina mama walimpigia vigelegele mpaka sauti zikawaisha. Nakal ndiye aliyemshika mkono akamfundisha hatua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilimwona dada yangu akicheka na meno yote.

Jua likiwa bado juu, Lowoi aliniinamia sikioni.

"Umechoka?"

"Nimechoka kabisa."

"Twende nyumbani?"

Niliwatazama watu wetu wote pale kwenye vumbi, kisha nikamtazama yeye.

"Twende, mume wangu."